Kindle, Kobo au kishikwambi? Lete kwanza mafaili yako

Mtu anayetaka kisomeo, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, akiniuliza, "Kaka, ninunue Kindle ipi?" simjibu. Namwambia alete simu yake, nafungua sehemu ya mafaili, nahesabu. Juzi nilimhesabia mwenzangu tunayepanda naye mlima. Tulikuwa kibarazani kwake Rau tukisubiri wageni wa njia ya Machame ya Kilimanjaro. Alikuwa na vitabu 41. Kati ya hivyo 38 ni PDF, vingi vimetumwa WhatsApp na watu asiowakumbuka, na vitano kati ya hizo PDF ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu, kidole cha mpigaji kikionekana pembeni. Alikuwa ameshatenga laki nne za kifaa cha inchi sita. Nikamwambia azirudishe kwenye kibubu kwanza.

Mimi ni msaidizi wa kiongozi wa mlima, mwaka wa kumi na moja sasa. Vifaa hivi nimevijua kwa wageni. Kwenye hema la chakula, supu ikishaondolewa, utaona wanne kati ya sita wametoa visomeo vyao na kimya kinatanda. Mimi ni mtu wa kuuliza, kwa hiyo nimeshavishika vingi, nimevisikia vikisifiwa na kutukanwa, na vingine wameniachia wakati wa kushuka pamoja na buti na makoti. Ninachokiandika hapa ni kwa mtu wa huku kwetu: mwenye simu moja, pengine kompyuta ya kuazima, anayelipa kwa simu na asiye na duka la vifaa hivi mtaani.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Moshi nzima kila kisomeo ni "Kindle", kama vile kila sabuni ya unga ilivyokuwa Omo. Kindle ni ya Amazon ya Marekani, na ya kwanza ilitoka Novemba 2007. Kobo ni ya Kanada, makao yake Toronto, na tangu 2012 inamilikiwa na Rakuten ya Japani. Ipo PocketBook, na zipo Boox za Wachina zinazotumia Android. Halafu kuna mtego: Kindle Fire. Hicho ni kishikwambi, kioo chake ni cha kung'aa kama cha simu, na kina undugu na Kindle wa jina tu. Nimeona mtu pale Double Road anauziwa Fire huku anaambiwa "hii ni Kindle ya rangi". Ukiwasha kifaa ukaona video inacheza vizuri, hicho sicho tunachokizungumzia.

Sasa turudi kwenye mafaili, maana kazi yote iko hapo.

PDF ni ukurasa uliogandishwa. Aliyeutengeneza aliamua karatasi ni A4 na herufi ni za ukubwa huu, basi, imeisha hiyo. EPUB, aina nyingine ya faili la kitabu, ni kama uji: ukiumimina kwenye bakuli au kwenye kikombe, unafuata chombo. Ukitaka herufi kubwa, maneno yanajipanga upya na kitabu kinaongezeka kurasa. Kama huamini tofauti yake, chukua mkasi ukate karatasi ya sentimita 9 kwa 12. Hicho ndicho kioo cha inchi sita. Kiweke juu ya ukurasa wa A4, ambao ni 21 kwa 29.7, uone kinafunika wapi. Hakifiki hata robo. Kifaa kitaubana ukurasa wote ule uingie humo na herufi zitakuwa sisimizi. Ukikuza, unaanza kuusukuma ukurasa kulia, kushoto, kulia tena, mstari kwa mstari, na kila ukisukuma kioo kinapepesa weusi kabla ya kutulia. Nilisoma kurasa nne za mwongozo wa huduma ya kwanza kwa mtindo huo nikaenda kulala na hasira.

Kwa hiyo hesabu yako ikiwa kama ya mwenzangu, yaani PDF ndizo zimejaa, hasa zenye majedwali na picha, usinunue kisomeo kidogo cha aina yoyote. Tumia kishikwambi. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari na anacho kile kilichotumika kwenye sensa ya 2022 kisha serikali ikawagawia walimu. Vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu anavisoma humo, na anavisoma vizuri. Nikimpa kisomeo changu ananirudishia kama mtu aliyepewa kijiko cha chai apakulie makande. Vipo visomeo vya inchi 10 na zaidi vinavyomudu PDF, lakini kwa bei yake unapata kishikwambi kizuri na chenji ya nauli ya kwenda Arusha na kurudi.

Kama mafaili yako ni EPUB, au unakusudia kusoma zaidi riwaya, historia, wasifu wa watu, vitu vya maneno matupu, hapo ndipo kisomeo kinapolipa. Na kinalipa kwa sababu ya kioo chake. Ndani ya kioo hicho kuna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme unazivuta zipande juu au zishuke chini, na zikishafika zinakaa palepale bila kula umeme tena. Ndiyo maana kifaa kikizimika picha inabaki juu, na chaji moja inakwenda wiki kadhaa: kinachokula betri ni kufunua ukurasa, taa na Wi-Fi. Umeme ukikatika usiku unaendelea kusoma kwa taa yake ndogo, na simu yako unaitunzia chaji ya mambo ya lazima. Juani ndiyo kabisa. Saa saba mchana pale stendi, jua la utosi, simu inakuwa kioo cha kujitazamia sura, lakini kisomeo kinasomeka kama gazeti.

Teknolojia hii ni ya kampuni moja, E Ink, iliyoanzishwa 1997 huko Massachusetts na watu waliotoka chuo cha MIT. Kindle, Kobo na PocketBook zote wananunua kioo kwake. Muuzaji akikuapia kwamba kioo cha chapa yake ni bora kuliko cha jirani, mwambie vyote ni vya baba mmoja. Uliza badala yake ni cha mwaka gani na kina nukta ngapi kwa inchi. Unataka 300. Kindle ya kawaida, ile ya bei ya chini, ilikuwa na 167 mpaka toleo la 2022 lilipopandisha kufika 300. Paperwhite, Kindle ya bei ya juu zaidi kidogo, imekuwa na 300 tangu 2015. Tofauti unaiona kwa macho bila kuambiwa, hasa ukisoma usiku.

Mlimani kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Usiku kwenye kambi ya Barafu baridi inashuka chini ya sifuri, na vifaa hivi vimetengenezwa kwa kuanzia nyuzi sifuri kwenda juu. Ukurasa unafunuka polepole na kivuli cha ukurasa uliopita kinabaki nyuma ya maandishi kama nguo iliyofuliwa vibaya. Betri nayo inalegea. Kifaa hakijafa. Kiingize ndani ya soksi, soksi uiingize kwenye mfuko wa kulalia, asubuhi kiko sawa. Wageni wawili nimewaokolea safari kwa soksi tu.

Tufike kwenye Kindle na Kobo, maana ndipo watu wanapogombana. Zilipotoka mwaka 2024, Kindle ya kawaida ilikuwa dola 110, Kobo Clara BW dola 130, Kindle Paperwhite dola 160, huko kwao. Kindle ya bei hiyo ya chini inakuja na matangazo kwenye kioo ikiwa imelala. Kuyaondoa ni dola 20 nyingine. Hapa kwetu bei inategemea imepita mikono mingapi kabla ya kukufikia, kwa hiyo sitaji shilingi nisije nikaonekana mwongo wiki ijayo.

Ukishusha kitabu mtandaoni ukakituma kwenye Kindle kwa waya, na kitabu hicho ni EPUB, hutakiona. Faili limeingia, nafasi imeliwa, lakini kwenye orodha hakipo. Kindle haisomi EPUB moja kwa moja. Njia yake ni hii: kifaa chako kina anwani yake ya barua pepe inayoishia na @kindle.com. Unaingia kwenye akaunti yako ya Amazon, unasajili barua pepe yako kama mtumaji anayeruhusiwa, na hatua hii ndiyo kila mtu anairuka kisha analalamika. Halafu unaambatisha EPUB kwenye barua pepe ya kawaida kutoka kwenye simu, unatuma, unawasha hotspoti, na baada ya dakika chache kitabu kinashuka kwenye kifaa kikiwa kimeshageuzwa. Tangu 2022 huduma hiyo inapokea EPUB. Kwa mtu asiye na kompyuta, hii ni raha. Nilimfundisha mpagazi mmoja, wenyewe tunaitana wagumu, kwa nusu saa, na sasa anatuma vitabu akiwa kwenye daladala.

Kobo ni kinyume chake. Inasoma EPUB bila kuuliza, lakini inapenda kompyuta. Unachomeka waya, kioo kinakuuliza kama uunganishe, unakubali, inatokea kama flashi, unaburuta mafaili humo, unaitoa kwa utaratibu, yenyewe inajipanga. Hakuna kutumiana barua pepe, hakuna bando linaloliwa. Mimi niliweka vitabu 60 kwa mkupuo kwenye kompyuta ya shuleni kwa mke wangu, muda wa kunywa chai ya mapumziko. Kama una kompyuta, weka na Calibre, programu ya bure inayopanga vitabu na kugeuza EPUB iwe aina ambayo Kindle inaikubali hata kwa waya. Ukiwa na Calibre, ugomvi wa Kindle na Kobo unapungua nusu.

Kuna swali la kununua vitabu. M-Pesa haifungui duka la Amazon wala la Kobo. Unahitaji kadi, iwe ya benki au ile ya kimtandao unayoitengeneza kwenye simu. Na hata ukiwa na kadi, vitabu vingine vitakuambia haviuzwi nchini kwako, kwa sababu haki za kuuza hugawanywa kwa nchi. Ila jambo linalonifanya nielemee Kobo ni hili: Februari 26, 2025 Amazon iliondoa ile njia ya kushusha kwenye kompyuta kitabu ulichonunua ili ukihamishe kwa waya. Ulichonunua humo, kwa kawaida, kinaishi humo. Vya Kobo navyo vingi vina kufuli la kuzuia kunakiliwa, tusidanganyane, lakini kufuli lake la Adobe hata PocketBook inalo ufunguo. Mimi ni mtu wa kuhama vifaa kadiri wageni wanavyoacha, sitaki vitabu vyangu vibaki nyumba niliyohama. Kama wewe utanunua vitabu vitano kwa mwaka na hutahama, Kindle haina tatizo lolote, na duka lake ni kubwa.

Usidanganywe na ile programu ya kuazima vitabu, OverDrive, iliyomo kwenye Kobo. Inataka uwe mwanachama wa maktaba inayoitumia. Kadi yangu ya maktaba ya mkoa pale mjini haikufungua kitu.

Na riwaya za Kiswahili? Nyingi ninazozitaka ziko kwenye karatasi, na kwenye karatasi ndiko ninakozifuata. Kisomeo ninakitumia zaidi kwa Kiingereza, ambako kina faida ambayo simu haikunipa: unagusa neno usilolijua, maana inatokea palepale, unaendelea. Kiingereza changu cha kuongea na wageni kimekua kwa njia hiyo kuliko kwa semina. Kwa Kiswahili, ukigusa neno kifaa changu kinakodoa tu. Mwanangu namsomea hadithi za Kiswahili za African Storybook, zinapatikana bure, lakini hizo zina picha za rangi, kwa hiyo tunarudi kwenye kishikwambi cha mama yake.

Kuhusu visomeo vya rangi, kama Kobo Clara Colour, nitasema machache. Rangi yake ni ya kupauka kama kanga iliyofuliwa miaka mitatu. Nukta 300 zinabaki kwa maandishi meusi, kwenye rangi zinashuka hadi 150, na kioo chenyewe kina giza kidogo. Kama husomi katuni wala ramani, acha. Kuzuia maji ni kuzuri lakini si lazima, labda kama na wewe unapita msituni Machame mwezi wa nne.

Sehemu inayotupa hasara kubwa huku ni kununua kilichotumika, na mimi mwenyewe nililipa ada ya shule. Kisomeo changu cha kwanza nilikinunua kwa kijana mmoja jirani na stendi, shilingi 180,000, sitaji chapa. Kilikuwa safi, kava la ngozi, kioo hakina mkwaruzo. Juu kabisa kulikuwa na jina la mtu, jina la kizungu na neno linaloonyesha kifaa ni chake. Nikauliza. "Hiyo itafutika tu, Mangi, ukifika nyumbani." Nilifika nyumbani, nikafuta kila kitu, kikaniomba nisajili upya, nikasajili, kikakataa. Nikajaribu kwa barua pepe ya mke wangu, kikakataa. Mwenye mali alishatoa taarifa kwamba kimepotea. Fundi wa simu aliniambia angeweza kukifungua kwa elfu thelathini. Akakaa nacho wiki mbili, akanirudishia kikiwa vilevile, elfu kumi ya kuangalia imeshakwenda. Yule kijana naye sikumwona tena. Kikawa cha kuchezea mtoto.

Kwa hiyo ukinunua cha mkononi, fanya haya yote mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mfukoni. Washa hotspoti ya simu yako. Ingia kwenye mipangilio, futa kila kitu mpaka kianze kama kipya, kisha kisajili kwa barua pepe yako. Kikikubali, umepita mlango mkubwa. Muuzaji akisema hana muda, na wewe huna muda. Kama ni mgeni anakupa zawadi, mwombe akitoe kwenye akaunti yake kabla hajaondoka hotelini, maana akishapanda ndege unaanza kumtafuta kwa barua pepe na yeye amesharudi kazini kwake. Wengi hawajui kwamba kinatakiwa kutolewa. Ni dakika moja, na hawachukii kuombwa.

Kisha kioo. Fungua ukurasa uliojaa maandishi, funua kurasa ishirini, angalia kama kuna mstari usiobadilika au kona iliyoganda. Ikiwepo, rudisha. Chini ya kile cha juu kuna tabaka la kioo chembamba ambalo hupasuka ndani huku nje ukigusa ni laini kabisa. Changu cha pili kilikufa hivyo, kwenye begi la mgongoni chini ya jiko la gesi, na mpaka leo nusu yake inaonyesha ukurasa wa 212. Fundi wa Moshi hana kioo hicho dukani. Kukiagiza pamoja na ufundi kunakaribia bei ya kifaa. Nunua kava gumu siku hiyohiyo, hata kabla ya kitabu.

Angalia na tundu la chaji. Paperwhite ya 2018 inatumia ile pini ndogo ya zamani, ya 2021 na kuendelea ni Taipu C. Linaonekana dogo, ila nyumbani kwangu waya za Taipu C ziko nne na ile ya zamani ni moja, na hiyo moja kila siku iko kwa jirani. Kwa njia hiyohiyo unaweza kumkamata anayekuambia "hii ni ya mwaka jana".

Ukubwa wa kumbukumbu usikusumbue. Riwaya ya EPUB mara nyingi haifiki megabaiti mbili. GB 16 hutazijaza.

Baba mkwe wangu wa Kibosho, ambaye macho yamechoka, nilimpa Kindle ya kawaida niliyoachiwa na mgeni, iliyosajiliwa upya kwa barua pepe yangu. Namtumia vitabu nikiwa huku mjini, yeye anawasha simu ya mjukuu, vinashuka. Ameziweka herufi kubwa hadi ukurasa una maneno kama thelathini, na hajali, anafunua tu. Kwa Kobo ningelazimika kupanda Kibosho na waya kila Jumapili, ingawa mama mkwe anasema hilo lisingekuwa baya.

Yule mwenzangu wa mafaili 41 sikumwacha hivihivi. Nilimwazima Kobo Clara yangu kwa siku saba za Machame, nikamwekea EPUB tatu: moja ya historia, mbili za hadithi. Hizo PDF zake alikwenda nazo kwenye simu. Kwenye kambi ya Shira simu ilishazima. Tulipofika Mweka kushuka, Clara ilikuwa bado ina chaji zaidi ya nusu, na alikuwa amemaliza vitabu viwili. Akaniuliza EPUB nyingine zinapatikana wapi. Jioni ile tuliwasha hotspoti kibarazani kwake tukafungua Project Gutenberg, ambako kuna vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, vingi vya Kiingereza, ambavyo haki zake zimekwisha muda. Alishusha kumi na mbili kabla bando langu halijakata.